Mdiria kwenye tete, mimi nyuma ya migomba: siku moja maishani mwangu

Saa kumi alfajiri

Kadutu, mtaa wangu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, bado imelala. Begi la lenzi ya kamera limekesha barazani, nyuma ya vyuma vilivyofungwa kwa kufuli, ingawa ndani ya nyumba nafasi ipo. Lenzi ya milimita 500 ni bomba refu lenye vioo vizito na hewa nyingi. Ukiitoa chumbani ikiwa na joto na kuipeleka kwenye baridi ya alfajiri ya Bukavu, itapoa polepole, na muda wote huo fokasi, yaani umbali ambao lenzi inaonyesha vitu kwa ukali, itakuwa inahama bila mtu kuigusa. Ikikesha nje inafika kazini imeshapoa.

Naangalia betri. Umeme ulirudi usiku, ukakaa saa chache, ukatosha. Chai ya haraka, kipande cha mkate, na kijana wa pikipiki ameshafika mlangoni.

Saa kumi na moja

Tunashuka hadi Muhumba, kwenye kiwanja cha mama mmoja kinachoteremka mpaka Ziwa Kivu. Juu kuna nyumba, katikati migomba na mihogo, chini kabisa matete yaliyosimama majini. Mama ameshawasha makaa.

"Jambo, mama."

"Jambo, papa. Ule ndege yako aliamuka mbele yako leo, nimemusikia."

Kabla sijaanza kazi hapa nilipita kwanza kwa shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, nikamwonyesha vifaa vyote na kumweleza ninachotafuta. Mji wetu uko mpakani, ng'ambo ya mto Ruzizi ni Rwanda, na bomba refu lililosimama juu ya miguu mitatu likitazama ziwa linatia watu wasiwasi. Nawaomba vijana wanaotaka kuanza kazi hii wasiruke hatua hiyo. Majirani wakishajua unachofanya, wao ndio wanaokulindia tripodi.

Saa kumi na moja na nusu

Hii ndiyo nusu saa inayoamua siku nzima, na lazima iishe kabla hakujapambazuka.

Ninayemfuata ni mdiria, ndege mvuvi, yule mdogo mwenye mgongo wa buluu, kifua cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Ana urefu wa sentimita 13 hivi. Uzuri wake kwa mpiga picha ni kwamba ana mazoea: anachagua tete moja lililoinama juu ya maji, anatua, anapiga mbizi, anarudi palepale. Ubaya ni kwamba ukikaa karibu naye kiasi cha kumpata vizuri, anahama, na akihama umemnyima mahali pake pa kulia chakula. Kwa hiyo kamera inakaa mita sita kutoka kwenye tete, na mimi nakaa mbali zaidi, nyuma ya migomba, nikiiongoza kwa simu.

Kwanza ni miguu ya tripodi. Chini ni matope, na matope hunywa mguu polepole, hata usiyaone. Saa moja baadaye lenzi imeinama na umbali umebadilika. Naweka mawe bapa matatu, nayakanyaga mpaka yatulie, ndipo nasimamisha tripodi juu yake. Mfuko wa mchanga unaning'inia katikati.

Lenzi yangu ni ya kizamani, haina mota ndani. Nimeifungia mota ndogo ya hatua, inayozunguka kidogo kidogo kwa hatua zinazohesabika, ile ya volti 5 ambayo mafundi wa elektroniki wanaijua kama 28BYJ-48, ikivuta mkanda wa meno uliotolewa kwenye printa mbovu. Mkanda umezunguka pete ya fokasi. Mzunguko mmoja wa mota hiyo una hatua 2,048 hivi, na kwa kuwa gurudumu lake ni dogo kuliko pete, pete inasogea kidogo sana kwa kila hatua. Chini ya tripodi, ndani ya kiboksi cha plastiki, kuna Raspberry Pi inayolishwa na pawabanki. Kompyuta hiyo ndogo inaendesha mota, na kwa kebo fupi inaongea na kamera kupitia programu huria ya gphoto2. Inatoa wayifayi yake yenyewe, kwa hiyo sihitaji intaneti wala vocha. Mwenye lenzi yenye mota ndani hahitaji hata mkanda, maana kwenye kamera nyingi za Canon programu hiyohiyo inaweza kusukuma fokasi kuelekea karibu au mbali, kwa hatua ndogo, za kati na kubwa.

Halafu nakunja kipande cha boksi ya dawa, upande wenye maandishi madogo kabisa, nakibana kwenye tete pale ndege anapotua. Nawasha tochi, nakuza picha mara 10 kwenye skrini, nazungusha fokasi mpaka herufi zisimame wazi. Sizitafuti kwa kwenda na kurudi. Meno ya mota yana ulegevu, ukigeuza mwelekeo hatua za kwanza zinapotea bila pete kusogea. Kwa hiyo kila mara narudi nyuma vya kutosha, kisha naingia kwa upande uleule, kutoka karibu kwenda mbali. Atakayejenga kifaa kama hiki akishika jambo hili moja ataokoa asubuhi nyingi.

Zikisimama wazi naandika namba ya hatua kwenye daftari, naondoa boksi, nazima tochi, naondoka.

Saa kumi na mbili

Mwanga unaingia. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanarudi, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, na wimbo wao wa kupiga kasia unasikika kabla hujawaona. Wakipita, mawimbi yanafika kwenye matete na tete langu linayumba. Kwenye simu naliona likiingia na kutoka kwenye fokasi. Hapo siligusi. Kufukuza tete linaloyumba ni kupoteza sehemu yako ya kuanzia, na maji yakitulia litarudi lilipokuwa.

Saa kumi na mbili na robo

Amefika. Hakuna dalili yoyote, tete tupu tu, kisha tete lenye ndege.

Kwa milimita 500, tundu la f/5.6, umbali wa mita sita, na sensa ya milimita 36 kwa 24, sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita 5 kwa jumla, mbele na nyuma. Mdomo wake mrefu peke yake unakula sehemu kubwa ya hizo. Ndiyo maana boksi ya dawa inanipa mahali pa kuanzia tu, kinachotakiwa ni jicho. Leo ametua amegeukia kamera kidogo, jicho liko mbele ya tete. Nakuza, naona manyoya ya kifuani yako wazi na jicho lina ukungu kidogo. Narudisha pete karibu, naingia tena polepole, naacha kabla sijafika mahali pa awali. Nukta nyeupe ya mwanga ndani ya jicho inakuwa ndogo na kali. Hiyo nukta ndiyo kipimo changu. Ikiwa kubwa na laini, fokasi bado.

Anainamisha kichwa, anakiinua, anakiinamisha tena, akipima samaki. Anaanguka majini. Napiga anaporudi, na samaki mdogo mdomoni akimetameta, kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde. Anampiga samaki kwenye tete, kushoto na kulia, halafu anammeza kichwa kwanza. Kioo cha ndani ya kamera kimeshanyanyuka muda wote kwa sababu natazama kupitia skrini, kwa hiyo hakuna kishindo kinachotikisa lenzi. Ndege hajageuka hata mara moja kuitazama.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisiiachie kamera itafute fokasi yenyewe. Kwa ndege anayeruka peupe, sawa. Kwenye matete kamera inashika tete la mbele lenye mistari mikali na kumwacha ndege nyuma. Namwamini zaidi mtu anayejua ndege atatua wapi.

Saa tatu na nusu

Jua limepanda, na pipa la lenzi likipata joto chuma kinatanuka, namba niliyoiandika alfajiri inapungukiwa hatua kadhaa. Hapa ndipo mota inapolipa gharama yake. Bila hiyo ningelazimika kutembea hadi kwenye kamera na kumfukuza ndege kwa ajili ya kusogeza pete unywele mmoja.

Saa nne na nusu

Hewa juu ya maji imeanza kuchemka. Kwenye skrini ukingo wa tete unatetemeka ingawa hakuna upepo. Hilo si tatizo la fokasi, na hakuna mota inayoliponya. Ni hewa ya moto na ya baridi zinazopishana kati ya lenzi na ndege, na lenzi ndefu inazikuza zote mbili. Nangoja ndege aende zake, ndipo natoka kufungasha.

Mchana

Mama ananikaribisha bugali na sambaza za kukaanga kwa nyanya. Wasomaji wa mbali wajue kwamba samaki hawa si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika miaka ya 1950, na leo wengi jijini wanakula kwa jasho la wavuvi wake.

Baadaye napanda Kadutu kwa fundi wa redio. Meno mawili ya mkanda yameanza kulika. Anachimba katika rundo la printa zilizokufa, anatoa mkanda wa upana uleule, anaukata na kuuunganisha mbele yangu.

Saa tisa na nusu

Nimerudi, lakini upepo wa ziwani umekwisha amka na wingu jeusi linatoka upande wa milima. Nafunika kamera kwa plastiki, najaribu mkanda mpya: unashika, hauruki jino. Mvua inaanguka. Mdiria haonekani. Nafunga kazi.

Saa moja jioni

Umeme upo. Napanga picha kwa kigezo kimoja, jicho. Yenye mdomo mkali na jicho laini natupa, hata kama samaki amekaa vizuri. Zinazobaki ni chache, na nimeridhika nazo, hasa ile ya samaki akiwa bado na tone la maji mkiani.

Picha zinakwenda kwa mwalimu wa biolojia anayeandaa mabango ya ndege wa Kivu kwa madarasa yake. Nataka watoto wa hapa wamjue ndege huyu kabla ya kumjua kasuku wa kwenye kalenda. Mwalimu ameniomba pia picha za vifaranga tunduni. Mdiria hawa wanachimba shimo kwenye ukingo wa udongo, na mzazi akikuta kitu kigeni mlangoni anaweza kukaa nje na chakula mdomoni huku vifaranga wanalia njaa. Nimemwandikia: "Mwalimu, shikamoo. Tunduni siendi. Watoto wakitoka wenyewe na kukaa kwenye matete, utawaona, midomo yao ikiwa bado myeusi." Amejibu kwamba atangoja, na bango la kwanza litachapwa na ile ya tone la maji.