Nilivyonunua SSD ya bei nafuu Kariakoo, baada ya kupigwa mara moja

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni HP ya mezani, mtumba uliotoka ofisi fulani huko Ulaya, yenye Core i5 ya mwaka 2011 na ramu ya GB 8. Wanaitumia watoto, na mimi naifanyia kazi zangu ndogo za kuchapa. Asubuhi za Jumamosi zilikuwa hivi: naiwasha, naenda kubandika maji ya chai, naosha vikombe, narudi nakuta vile vidoti bado vinazunguka. Siku moja nikaipima kwa saa ya simu. Dakika 4 na sekunde 20 mpaka ikakubali kufungua Word.

Fundi wa mtaani alishauri niongeze ramu. Karibu nimpe hela. Kabla ya hapo nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likaja lile dirisha linaloonyesha mzigo wa mashine: prosesa asilimia 9, ramu haijafika hata nusu, diski asilimia 100 na imeganda hapo hapo. Ningeongeza ramu mpaka GB 16 na mgonjwa angebaki yule yule. Diski hizi za zamani zina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachohamahama kutafuta data. Faili moja kubwa zinalisoma vizuri tu, MB 100 na zaidi kwa sekunde. Shida ni kwamba Windows ikiwa inawaka inaokota vijifaili maelfu vilivyotawanyika kila kona, na hapo kasi inaporomoka mpaka MB 1 hivi. Nilipoiangalia kwa CrystalDiskInfo, kiprogramu cha kukagua afya ya diski, nikakuta imeshafanya kazi saa 38,000. Hiyo ni miaka minne na ushee bila kupumzika. Ilinitia huruma kidogo.

Basi nikashuka Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam, kutafuta SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani. Sasa hapa ndipo nilipopigwa.

Duka moja lilikuwa na SSD ya TB 1 (yaani GB 1,000) kwa elfu 50, wakati madukani kwingine ya ukubwa huo ilianzia laki na nusu kwenda juu. Jina la kampuni sikuwahi kulisikia. Nikamuuliza muuzaji mbona bei hiyo, akasema, "Kaka, sisi tunaagiza wenyewe, hatuna dalali." Nikaridhika. Mtu akitaka kuridhika hahitaji sababu kubwa.

Nyumbani niliichomeka, Windows ikaonyesha GB 931, ambayo ndiyo TB 1 ikihesabiwa kwa hesabu ya kompyuta, inayopanda kwa 1,024 badala ya 1,000. Nikapiga Windows upya, mashine ikawa inawaka haraka, nikamwita mama watoto aje ashuhudie. Wiki ya pili nikaanza kuhamishia picha na video. Siku chache baadaye picha zikawa zinafunguka nusu, nusu nyingine kijivu. Video zikagoma. Mwisho Windows yenyewe ikagoma kuwaka.

Nikaichomeka kwenye kompyuta ya jirani, nikaifuta yote na kuipima kwa H2testw, kiprogramu kidogo cha bure ambacho hujaza diski kwa data yake chenyewe, kisha huisoma upya kuona kama ndiyo ile ile iliyoandikwa. Jibu: nafasi iliyo salama ni GB 59 na kidogo. Kwa hesabu ya kwenye boksi hizo ni GB 64. Ile "TB 1" ilikuwa GB 64 iliyofundishwa kudanganya. Chipu inayoongoza diski imewekewa programu ya kujitangaza kuwa ina TB 1. Ukivuka nafasi ya kweli inaendelea kuitikia "nimepokea, nimepokea," huku data mpya ikikanyaga ya zamani au ikipotelea hewani. Kompyuta haiwezi kujua mpaka siku utakapolitaka faili lako.

Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kibao chenye ukubwa wa kiberiti, sehemu iliyobaki tupu. Nikasema hapa nimepata ushahidi! Baadaye nikaja kujua kwamba hata SSD nyingi orijino za inchi 2.5 ziko hivyo hivyo, kibao kidogo ndani ya kasha tupu. Kwa hiyo wale wanaokwambia "ipime kwa mkono, ikiwa nyepesi ni feki" hawakusaidii. Zote ni nyepesi.

Nilirudi dukani. Risiti sina, makubaliano sina. Akasema nimeiunguza mwenyewe. Elfu 50 ikaenda. Kilichoniokoa ni kwamba ile diski ya zamani sikuwa nimeifuta, picha zote zilikuwa bado zimo.

Mara ya pili nilikaa kwanza nikapiga hesabu. Kila kitu changu ukitoa video kilikuwa GB 70 tu, TB 1 niliitakia nini? Nikaamua GB 240 kwa ajili ya Windows na kazi, video zibaki kwenye diski ya zamani. Za GB 120 sikuzitaka: tofauti ya bei ilikuwa ndogo, na zinajaa upesi. Zile SSD nyembamba kama kipande cha ubani, za M.2, nazo hazikunihusu, maana ubao wa mwaka 2011 hauna pa kuzichomeka. Nikachagua Kingston A400, si kwa sababu ndiyo bora, ila ni ya jina linalojulikana na inauzwa maduka mengi, hivyo bei yake unaweza kuilinganisha. Kampuni inaipa waranti ya miaka 3 na inasema ya GB 240 inahimili kuandikiwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na mimi siandiki hata robo ya hizo, utamaliza miaka karibu 11.

Duka lilikuwa jingine, na muuzaji alikuwa kijana.

"Shilingi ngapi hii?"

"Elfu 85, bosi."

"Nitakupa hiyo hiyo 85 bila kupunguza. Ila nataka risiti ya EFD, na uandike nyuma yake kwamba nikiipima ndani ya siku tatu ikakutwa pungufu, narudisha."

Akanitazama. "Unaipima na nini?"

Nikamwonyesha H2testw kwenye flashi. Akacheka, akaandika, akapiga muhuri. Naamini kule kukubali kwake bila kubisha kulikuwa dalili nzuri kuliko maneno yote ya kwenye boksi.

Nyumbani sikupiga Windows kwanza. Niliichomeka ndani ya kompyuta pembeni ya diski ya zamani, nikaifomati, nikaanza kuijaza. Usiipimie kwa kebo ya USB 2.0 kama una njia nyingine: kwa MB 35 hivi kwa sekunde, kuandika na kusoma GB 240 kutakula karibu saa nne. Ndani ya mashine ilichukua kama saa moja. GB 223 zote (ndizo 240 za kwenye boksi) zikasomeka bila kosa. Hapo ndipo nilipohesabu kwamba nimenunua.

Kufunga hakukuwa na mambo. Kompyuta yangu haikuwa na kishikio cha diski ndogo, nikaibandika kwa gundi ya utepe wa pande mbili. SSD haina kinachozunguka ndani, haijali imelalaje. Kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, nilihakikisha SATA (njia ya kuchomekea diski) iko kwenye hali ya AHCI kabla ya kupiga Windows, maana ukibadilisha baadaye unaweza kukutana na skrini ya bluu.

Kuna jambo moja lilinisumbua jioni nzima. Kasi ya kusoma ilikuwa inagota MB 270, na boksi linasema 500. Nikaanza kumlaani yule kijana bure. Kumbe chipuseti ya Q67 kama ya kwangu, yaani chipu inayoratibu ubao, inahudumia tundu za SATA hadi sita, lakini mbili tu, namba 0 na 1, ndizo za kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde; nyingine ni za gigabiti 3. Diski ya zamani ilikuwa imekalia kiti cha heshima, mgeni nimemweka uani. Nikabadilishana kebo, ikapanda hadi 500 na kitu. Niseme ukweli, kwa macho sikuona tofauti. Kinachoifanya mashine iwe nyepesi ni kule kuokota vijifaili upesi, na hilo hata tundu la zamani linaliweza. Mwenye kompyuta ya zamani zaidi asiogope.

Sasa inawaka kwa sekunde 24. Ubahili nao una mahali unapojitokeza: nilipoihamishia kwa muda video za harusi za GB 60, ilianza kwa mbio, halafu ikashuka hadi MB 80 na kubaki huko. Diski hizi za bei ya chini zina sehemu ndogo ya kupokelea data kwa haraka, ikijaa ndiyo unaiona kasi yake halisi. Kwa kuchapa na masomo ya watoto hutaliona hilo kamwe. Umeme wetu ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika, data inaweza kuharibika. Nikatafuta UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ya mtumba, na picha za familia nina nakala yake kwenye diski ya nje.

Miezi michache baadaye nilirudi kwenye lile duka, shemeji yangu anataka SSD ya laptopu yake. Yule kijana aliponiona tu akachukua kalamu. "Bosi, umekuja na ile flashi yako?"

Nilikuwa nayo mfukoni.