Nilivyopunguza Ushuru wa Maegesho Posta Bila Kumkwepa Mtoza Ushuru

Kila niliyemuuliza namna ya kupata maegesho katikati ya Dar es Salaam alinipa ushauri uleule: wahi Posta kabla ya saa moja asubuhi, kamata nafasi, lipia siku nzima, gari lisisogee hadi jioni. Ushuru ulikuwa shilingi 500 kwa saa na shilingi 2,500 kwa siku, kwa hiyo aliyevuka saa ya tano hakudaiwa nyongeza hata akikaa mpaka jua lizame.

Mimi husambaza karatasi na wino wa printa maofisini, na ushauri huo ulinitia hasara. Gari lilikaa karibu na Sanamu ya Askari limejaa katoni za rimu. Mteja wa Upanga alipopiga simu, sikuthubutu kuling'oa, kwa sababu ningerudi nisipate hata pa kuegesha baiskeli. Ikabidi nikodi bajaji, nihamishe katoni moja baada ya nyingine juani, nilipe nauli huku gari nililolilipia limelala. Wakati huohuo, wenye shughuli ya dakika kumi walizunguka Samora, Mkwepu na Azikiwe wakitafuta nafasi, na mzunguko huo ni sehemu ya foleni tunayoilalamikia.

Nikabadili utaratibu. Jioni nawapigia wateja simu, napanga oda mtaa kwa mtaa, kisha napakia kinyume, mzigo wa mwisho kushuka ukitangulia ndani. Kwa toroli dogo namaliza mtaa mzima ndani ya saa moja, nalipa ushuru wa saa hiyo tu, naondoka. Wino, ambao unaingia kwenye begi, naupeleka kwa basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Kwa hiyo naamini ushuru wa saa unapunguza msongamano, ila kikomo cha siku kinaharibu kazi hiyo, kwani kinampa unafuu anayekalia nafasi kutwa. Profesa Donald Shoup wa Marekani, mtafiti wa maegesho, alifundisha kwamba bei sahihi ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi katika kila mtaa. Kwa Posta, maana yake ni kufuta kikomo hicho na kupandisha bei kuanzia saa ya tatu ya kuegesha.

Na wanaoshauri kuondoka haraka bila kulipa wasisikilizwe: namba ya gari ikisharekodiwa kwenye mashine, deni linabaki, na ukichelewa linaongezwa faini.