Popote tu

Tangu Jumamosi nimekuwa nikilala na neno moja na kuamka nalo. Leo Alhamisi, bado lipo.

Harusi ya binti wa shangazi ilifana, na mkataba wangu wa kazi umeongezwa mwaka mzima (asanteni mlioniombea). Hayo yanatosha. Nina neno la mlangoni.

Tulifika mapema makusudi, kwa kuwa ukumbi una ngazi tatu, na mdogo wangu mnamjua: vipimo alishaviulizia wiki mbili kabla. Sentimita 45 kwenda juu. Kwa mteremko wa 1 kwa 12 (sentimita 1 juu kwa kila 12 za kwenda mbele), ule unaopendekezwa kwa kiti cha magurudumu, ilitakiwa njia ya mita 5.4. Tukakuta ubao wa mita 2. "Huu si wa kupandia, Dada. Ni wa kurukia." Sentensi hiyo ilimchukua muda, maana akichoka mtindio wa ubongo humkaza taya. Wanaume wanne wakamnyanyua na kiti chake bila kumuuliza wamshike wapi.

Mlangoni alikuwapo binti wa mapokezi, orodha mkononi. Akanitazama mimi.

"Dada, huyu tumweke wapi?"

"Popote tu," nikasema.

Wakamweka nyuma kabisa, kati ya nguzo na spika.

Siku mbili nilichemka kwa ajili ya hilo "tumweke". Tumweke! Kama begi. Jumatatu jioni nilikuwa namsimulia Mama kwa mara ya nne, na sauti ya yule binti naiiga, mdogo wangu alipoinua mkono. Nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi, ndiyo sheria ya nyumba hii, hakuna kummalizia neno.

"Tumweke nimeizoea," akasema. "Popote ndiyo wapi?"

Nikakosa la kujibu. Mama naye akajitia kukunja nguo.

Mimi ndiye niliyebandika ukutani ofisini Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule wa 2006: mtu achague mahali pa kuishi na wa kuishi naye, sawa na wengine. Semina zote naisoma kwa sauti ya juu. Mahali pa kuishi! Na kiti cha kukalia kwa muda wa saa nne tu nimeshindwa kumuuliza.

Nimeurudia mlango ule mara nyingi kichwani. Mara namwambia binti, "Muulize mwenyewe," lakini hata hiyo inatoka kama kofi, na bado msemaji ni mimi. Ninaloliona la maana ni kurudi hatua moja nyuma na kunyamaza, mpaka macho ya binti yashuke yenyewe kwake. Lingechukua sekunde ishirini, pengine thelathini. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Hapo ndipo penyewe, nimeliandika sasa: niliionea haya foleni.

Jana akanionyesha picha kwenye simu yake. Kumbe huko nyuma kwenye nguzo ndiko watoto walikokuwa wakikimbizana. Mmoja, wa miaka mitano hivi, alisimama mbele yake akauliza kiti hicho kina mwendo kasi gani. Mama yake akaja mbio, akamshika mkono, samahani nyingi. Mdogo wangu akamwambia amwache, hilo ndilo swali la kwanza aliloulizwa yeye tangu afike. Picha ya pili haionekani vizuri, imetikisika: mtoto kapakatwa, magurudumu yanazunguka, mama mtu nyuma anacheka kwa mdomo wazi.

Nikajaribu bahati yangu. "Kwa hiyo kumbe palikuwa pazuri?"

"Pabaya. Spika sikioni."

Tukacheka mpaka akapaliwa. Kisha akanipa masharti: harusi ijayo orodha anaipokea yeye, mimi nisukume kimya. Nimekubali. Nitaweza? Mdomo wangu mnaujua.

Mama leo ameniuliza mara mbili kama nimefunga gesi. Mara mbili si kitu, mimi mwenyewe huuliza. Ila mara ya pili alikuwa amesimama mbele ya jiko, analitazama.