Namna ninavyopata lubugo ya kahawia isiyo na mabaka

Kahawia ya lubugo, kitambaa cha gome la mti, haitoki kwenye beseni la rangi. Gome la ndani la mti wa mutuba, Ficus natalensis, likibanduliwa huwa jeupejeupe. Hewa na jua ndivyo vinavyoligeuza taratibu hadi kufikia rangi ya chungu kilichochomwa. Kwa hiyo mabaka nayazuia kwenye unene na kwenye uanikaji.

Nabandua msimu wa mvua, gome likiwa na maji. Wakati wa kiangazi hung'ang'ania mti na kuchanika. Kwanza nakwangua ganda la nje lote, kwani chembe zikibaki huwa madoa meusi hata kitambaa kikiwa laini. Nakata kuzunguka shina juu na chini, napasua wima, kisha naliachanisha na mti polepole. Shina nalifunga majani ya mgomba siku hiyohiyo ili liote gome jipya badala ya kukauka.

Nikishalichemsha likalegea, naliponda kibandani juu ya gogo kwa nyundo tatu za mbao, zile ensaamu: yenye mifereji mipana, ya kati, halafu yenye mifereji myembamba. Gome la upana wa sentimita 50 hufika karibu mita 2. Lazima iwe kivulini. Likipigwa na jua kabla halijatanuka, nyuzi hukauka zingali zimeshikana, na nyundo ikizirudia huzitoboa. Nalikunja na kulipiga tena upande mwingine, maana sehemu nene hushika kahawia iliyokoza na nyembamba hubaki hafifu. Nyundo ya pili ndiyo inayoamua. Ukiiharakisha, ya tatu hairekebishi kitu.

Kuanika ndiko kunakotaka subira. Natandaza kwenye nyasi fupi, navuta kingo, naweka mawe. Chini ya kila jiwe rangi haiivi, kwa hiyo nayahamisha kila baada ya saa 2 na saa sita mchana nageuza kitambaa. Jioni nakiingiza ndani bila kukikunja. Mkunjo ukiachwa huonekana kama mstari siku inayofuata. Nakata ukanda mdogo kwenye ukingo, naufungia gizani, na kila jioni naulinganisha na kitambaa. Hapo najua jua limefanya kazi kiasi gani, maana macho peke yake huizoea rangi. Kupaka maji ya majani ya chai ili kuharakisha sikubali hata kidogo: lubugo ikilowa hudhoofika, na maji huacha duara lisilotoka.

Katika ufalme wa Buganda, nchini Uganda, kahawia hii ilikuwa ya watu wote, ilhali wafalme na machifu walivaa iliyotiwa weupe au weusi. Ndiyo pia inayofungiwa maiti kwa mazishi. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka 2005.

Tundu dogo nalishona kwa nyuzi za rafia, kwa kiraka cha gome lilelile. Kiraka cha mti mwingine huiva kahawia nyingine.