Nilivyoipoza kadi ya grafiki iliyokuwa ikichemka

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na tabia moja: nikifungua gemu, mwanzoni mambo ni mazuri, halafu baada ya kama robo saa picha zinaanza kukwamakwama na feni za kadi ya grafiki, kile kifaa kinachotengeneza picha za skrini, zinavuma hadi zinasikika chumba cha pili. Haikuzimika, wala rangi za ajabu hazikutokea kwenye skrini. Ilikuwa inachoka tu. Tatizo la draiva (programu inayoiendesha kadi) au la gemu lenyewe kwa kawaida hujitokeza tangu mwanzo. Hili lilisubiri kadi ipate moto, ndiyo maana nikashuku joto.

Nilijiambia sigusi skrubu hata moja kabla sijaona namba. Niliweka programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure, nikaiacha irekodi vipimo huku nikicheza kama kawaida. Joto la chipu ya kadi lilipanda hadi nyuzi 83 za Selsiasi likaganda hapo, na dakika hiyohiyo mwendo wa chipu ukashuka kutoka megahezi 1800 hadi kama 1400. Kadi ilikuwa inajilinda: ikigusa kikomo chake cha joto hujipunguzia mwendo na umeme ili isiungue. Kule kukwamakwama kulitoka hapo.

Namba iliyonifumbua macho hasa ni nyingine. Kadi nyingi za siku hizi zina kipimo cha pili, kinachoonyesha pale palipo na moto kuliko pote ndani ya chipu. Kikizidi kile cha kwanza kwa nyuzi 10 hadi 20, hamna neno. Changu kilisoma 108. Pengo la nyuzi 25 linamaanisha joto linazaliwa kwenye chipu lakini halivuki vizuri kwenda kwenye kipozeo, yaani kile chuma chenye mapezi kinachotoa joto nje, na kinacholivusha ni pesti, dawa nzito ya kupitisha joto iliyopakwa kati yao.

Hata hivyo nilifanya jaribio moja zaidi, na ninalipenda kwa sababu halina gharama. Nilitoa ubavu wa kasha la kompyuta, nikacheza tena. Joto likishuka sana kasha likiwa wazi, shida ni mzunguko wa hewa, na dawa yake ni kupanga feni za kasha vizuri. Langu lilishuka nyuzi 3 tu. Basi kasha halikuwa na kosa.

Waranti ilikuwa imeshaisha, kwa hiyo sikuwa na cha kupoteza kwa kuifungua kadi. Nilizima kompyuta, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, ndipo nikaichomoa kadi. Vumbi lilikuwa limejipanga kati ya mapezi ya kipozeo kama blanketi. Nililipuliza nikiwa nimezuia feni kwa kidole. Ukiiacha izungushwe na upepo mkali unaweza kuharibu beringi zake.

Skrubu nne zinazozunguka chipu nililegeza kidogokidogo kwa mkingamo, ili kipozeo kisiinuke upande mmoja na kubana kona ya chipu. Kisha nikakiinua taratibu, maana waya za feni ni fupi na soketi zake ni dhaifu mno. Ndani nilikuta nilichotarajia. Katikati ya chipu palikuwa karibu patupu, panang'aa, na pesti yote imesogea pembeni na kuwa ukoko wa kijivu unaovunjikavunjika. Kadi ikipata moto na kupoa mara nyingi, pesti husukumwa nje polepole namna hiyo.

Niliifuta yote kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Zile pedi laini zinazokaa juu ya chipu za memori zilikuwa nzima, nikaziacha. Anayebadilisha pedi apime unene kwanza: zikizidi unene, kipozeo hakitagusa chipu sawasawa, na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Pesti mpya niliipaka ikafunika uso wote wa chipu. Kwenye prosesa, chipu kuu ya kompyuta, tone la katikati linatosha kwa sababu ina kifuniko cha chuma kinachotawanya joto, ila chipu ya grafiki iko wazi, na pembe isiyopata pesti itachemka peke yake.

Nilirudisha kila kitu, nikacheza gemu lilelile. Chipu ilitulia kwenye nyuzi 71, pale palipo na moto zaidi 84, na mwendo haukushuka tena. Baadaye nilipunguza kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 90. Kwenye gemu sioni tofauti yoyote, lakini joto limeshuka nyuzi chache zaidi na feni zinazunguka kwa utulivu. Faili la vipimo vya sasa nimelihifadhi, na kila baada ya miezi kadhaa narekodi tena na kulinganisha lile pengo. Likianza kupanda, nitajua pesti inaondoka kabla picha hazijakwama.