"Punguza Mawazo", Lakini kwa Njia Gani?

Kwa miaka 12 niliyoishi na kipandauso, hakuna ushauri niliopewa mara nyingi kuliko huu: "Punguza mawazo." Nimeambiwa hivyo na mama mkwe wangu, na walimu wenzangu, na muuzaji wa duka la dawa muhimu huku akinihesabia vidonge, na hata na jirani aliyenikuta uani nimeinamia beseni nikitapika. Wote walisema kwa upendo, na siamini kwamba walikosea. Ila hakuna hata mmoja aliyenieleza mawazo hupunguzwaje, mtu aanze na tendo gani, saa ngapi ya siku, na aendelee kwa muda gani. Kwa hiyo nilikuwa naumwa kichwa, na papo hapo najilaumu kwamba maradhi haya nimejiletea mwenyewe.

Jibu la swali hilo lipo. Mwaka 2000, mwongozo wa tiba ya kipandauso uliotolewa nchini Marekani uliyaweka mafunzo ya kulegeza mwili, mafunzo ya kuongoza mabadiliko ya mwili kwa msaada wa kipimo, na tiba ya kisaikolojia inayoshughulikia fikra na mwenendo katika daraja la juu kabisa la ushahidi miongoni mwa njia za kuzuia kipandauso zisizotumia dawa. Hizi ni stadi zinazofundishwa hatua kwa hatua, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyofundishwa kushika kalamu, na huchukua wiki kadhaa za mazoezi kabla ya kuzaa matunda. Ninasikitika kwamba nilizifahamu nikiwa nimekwisha kumeza dawa nyingi kuliko nilivyopaswa.

Niseme kwanza kwamba kipandauso hakiletwi na mawazo peke yake. Ni ugonjwa wa ubongo ambao hurithiwa katika familia nyingi, na wanawake hupatwa nao takriban mara 3 zaidi ya wanaume. Shambulio lisipotibiwa huweza kudumu kwa saa 4 hadi 72: maumivu ya kugonga, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, yanayozidi mtu akiinama au akipanda ngazi, pamoja na kichefuchefu na kushindwa kuvumilia mwanga na sauti. Mama yangu alikuwa nacho. Namkumbuka, nilipokuwa mtoto huko Kibosho, akiingia chumba cha ndani, akifunga dirisha la mbao na kujikaza kanga kichwani mpaka fundo likamwachia alama kwenye kipaji, nasi tukikatazwa kupasua kuni hadi jioni. Majirani walisema ana mawazo ya ada za shule. Wapo pia wanaodai kwamba haya ni maradhi ya watu wa ofisini na kompyuta, lakini watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyozunguka Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wakahoji watu zaidi ya 7,000, walikikuta huko huko vijijini, miongoni mwa watu wa jembe na mifugo.

Kwangu mambo yalianza kubadilika kwa swali moja. Daktari niliyemwona hapa Moshi aliniuliza, "Mwalimu, kwa mwezi unakunywa dawa za maumivu siku ngapi?" Nikamjibu kwamba ni chache, labda 6. Hakunibishia, alinitaka tu niandike kila siku kwa wiki 4, kisha nirudi. Nilinunua kaunta buku, nikachora mistari kwa rula: tarehe, saa ya kulala na ya kuamka, saa za kula, siku za hedhi, ukali wa maumivu kuanzia 0 hadi 10, na dawa niliyomeza. Mwisho wa wiki ya 4 nilihesabu mara mbili, kwa sababu sikuamini: siku 19. Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo ningependa kila mwenye kipandauso alijue, kwamba mtu anayetumia dawa za kawaida za maumivu kama parasetamoli kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, au zile zenye dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja kwa siku 10 au zaidi, na akaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Anameza kwa sababu anaumwa, na anaumwa kwa sababu anameza. Niliziacha kwa maelekezo ya daktari, na siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko kawaida, kama alivyonitahadharisha. Baada ya siku ya 9 nilianza kuona asubuhi zisizo na maumivu, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Kaunta buku ile ilinifichulia na jambo jingine. Mashambulizi yangu makali hayakuangukia siku za mitihani, kama kila mtu alivyodhani, bali Jumamosi. Siku za kazi naamka saa 11 na nusu alfajiri na kunywa kahawa kabla ya saa 12 na nusu. Jumamosi nilikuwa nalala hadi saa 3, kahawa naipata saa 4, na chakula cha kwanza karibu na adhuhuri. Ubongo wenye kipandauso hupenda utaratibu usiobadilika, na hustushwa na usingizi mrefu kama unavyostushwa na usingizi mfupi, na hata na ule mteremko wa ghafla kutoka wiki ya mbio hadi siku ya kupumzika. Kahawa nayo ina hesabu yake: mtu aliyeizoea akiikosa, maumivu ya kichwa huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Hapo nikaelewa kwa nini Jumatano ya Majivu ilikuwa ikinilaza kitandani kila mwaka, na kwa nini mwalimu mwenzangu Mwislamu huumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani kisha akapata nafuu mwezi unavyoendelea. Yeye siku hizi hupunguza chai na kahawa kidogo kidogo wiki 2 kabla ya mwezi kuandama. Mimi Jumamosi naamka saa ile ile ya kazi. Watoto wangu wananishangaa, nami nimewaeleza kwamba hiyo ndiyo dawa yangu ya siku hiyo.

Sasa nifike kwenye kulegeza mwili, kwa sababu ndiko nilikopata jibu la lile swali la mawazo. Mtaalamu wa saikolojia tiba aliyenifundisha alinieleza kwamba njia hiyo ilibuniwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyeitolea kitabu mwaka 1929. Hoja yake ni kwamba huwezi kuamuru akili itulie, lakini unaweza kuamuru msuli, na mtu hujifunza kuutambua msuli uliolegea kwa kuukaza kwanza. Hufanyika hivi. Ninaketi kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni. Nakunja ngumi ya kulia na kuikaza kwa sekunde kama 5, nikiangalia ugumu unavyopanda hadi kwenye kiwiko; kisha naiachia yote kwa mara moja, na kwa nusu dakika sifanyi lolote ila kufuatilia uzito na joto vinavyoenea mkononi. Naenda mkono wa kushoto, mabega, shingo, kipaji, taya. Taya ndiyo iliyonifunulia mengi. Mara ya kwanza nilipoikaza na kuiachia, nilitambua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nasahihisha madaftari nikiwa nimeuma meno, na mabega yangu yameinuka kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji.

Yule mtaalamu aliniambia nifanye zoezi hilo dakika 20 kila siku, hasa siku ambazo siumwi. Neno hilo la mwisho ndilo ambalo wengi hulipuuza. Nimewaona watu wanajaribu kulegeza mwili kwa mara ya kwanza wakiwa katikati ya shambulio, wanashindwa, kisha wanatangaza kwamba njia haifai. Nani amewahi kujifunza kuogelea siku ya mafuriko? Mimi niliona tofauti katika wiki ya 6, na leo naweza kuachia mabega na taya kwa pumzi 3 nikiwa nimesimama ubaoni, bila mwanafunzi yeyote kujua.

Kuna na zoezi la mikono, ambalo ndilo lile la kuongoza mabadiliko ya mwili kwa msaada wa kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika taasisi ya Menninger mjini Topeka, Kansas, Elmer Green, Joseph Sargent na wenzao waliwafundisha wagonjwa wa kipandauso kupasha joto mikono yao huku wakitazama kipimajoto kilichofungwa kidoleni. Wazo lilitokana na mwanamke mmoja aliyekuwa akipimwa maabara, ambaye kipandauso chake kilitoweka wakati uleule mikono yake ilipopata joto. Mikono hupata joto mishipa midogo ya damu inapolegea, na hiyo ni ishara kwamba ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayouweka mwili tayari kwa hatari imetulia. Leo viko vifaa vinavyoonyesha badiliko hilo kwenye kioo. Mimi sina kifaa. Naweka vidole shavuni. Katika asubuhi za Julai, mlima ukiwa umefunikwa na mawingu na baridi ikishuka mpaka mjini, vidole vyangu huwa kama vimetoka kwenye maji ya mto. Nafumba macho, napumua taratibu, nafikiri nimeshika kikombe cha chai ya moto, na baada ya dakika 10 hivi shavu linanieleza kama nimefaulu.

Upande wa fikra ulinigusa kwa namna nyingine. Nilitakiwa kuandika sentensi ya kwanza inayonijia kichwani maumivu yanapoanza, na kila mara ilikuwa ileile: "Leo nimekwisha." Baada yake ilifuata hofu, na baada ya hofu nikawa nameza kidonge hata kabla ya kuwa na hakika kama kweli kipandauso kimekuja. Nilifundishwa kuijibu sentensi hiyo kwa ushahidi wa daftari langu mwenyewe: mara ya mwisho kilidumu saa ngapi, nilifanya nini, nilirudi kazini lini. Hofu haikuisha, lakini ilipungua kiasi cha kuniachia nafasi ya kuchagua, na siku nyingine chaguo sahihi lilikuwa kumeza dawa mapema, kwa kipimo nilichoandikiwa, na kuingia gizani.

Nasisitiza hilo kwa sababu wapo wanaozisikia njia hizi wakadhani lazima watupe dawa. Ushahidi hauelekei huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 nchini Marekani kwa watu wazima 232 wenye kipandauso cha mara kwa mara uligundua kwamba waliopewa dawa ya kuzuia mashambulizi pamoja na mafunzo ya mwenendo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa dawa hiyo peke yake au mafunzo peke yake. Kwa vijana 135 wa miaka 10 hadi 17, katika utafiti wa mwaka 2013, wote wakitumia dawa moja, waliofundishwa stadi hizi walipunguza siku za maumivu kwa wastani wa 11.5 kati ya siku 28, na wenzao waliopewa elimu ya kawaida kuhusu maumivu ya kichwa walipunguza 6.8. Kwa mwalimu, siku hizo ni vipindi vya darasani. Na nchini Uswidi, mwaka 2011, wagonjwa 91 waligawanywa katika makundi 3: mazoezi ya viungo ya dakika 40 mara 3 kwa wiki, kulegeza mwili, na topiramati, dawa ya kuzuia mashambulizi. Makundi yote yalipata nafuu inayolingana, na madhara yaliripotiwa katika kundi la dawa pekee. Tangu niliposoma hilo, natembea kwa kasi kuelekea upande wa msitu wa Rau jioni 3 kwa wiki.

Katika usingizi nimefuata maelekezo nusu tu. Kuna mpango uliojaribiwa kwa wanawake wenye kipandauso cha kudumu unaotaka mtu apange saa 8 za kitandani kwa ratiba isiyobadilika, asitazame televisheni wala kusoma kitandani, asilale mchana, na ale chakula cha usiku angalau saa 4 kabla ya kulala. Katika nyumba zetu, ambako ugali huiva saa 2 usiku, hilo la mwisho ni gumu. Sisi tumesogeza chakula hadi saa 1, na nalala saa 4. Kuhusu tiba ya sindano za Kichina na kukandwa shingo, wapo waliofaidika, mimi sikuzijaribu.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri daftari wala zoezi. Maumivu ya kichwa yanayolipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, maumivu yenye homa na shingo kukakamaa, yanayofuata kugongwa kichwa, yanayoambatana na udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa au ulimi kuwa mzito, yanayompata mjamzito au aliyejifungua karibuni, au yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, yanahitaji hospitali siku hiyohiyo. Na hapa kwetu, kichwa chenye homa kipimwe malaria kwanza.

Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili alikuja ofisini akiwa ameziba jicho moja kwa kiganja. Nilimpeleka chumba cha wagonjwa, nikafunga pazia, na alipopata nafuu nikampa kaunta buku niliyokwisha kuichora mistari. Mama yake ameahidi kumpeleka kwa daktari baada ya wiki 4, akiwa na kurasa hizo mkononi.