Ramani ya Katrina: wiki sita za manila, rangi na nyuzi

Wiki ya 1. Nimegundisha manila nne na kuanza kuchora New Orleans, jiji la kusini mwa Marekani, kwa mkono. Nataka ionekane jinsi mitaa ilivyorudi baada ya kimbunga Katrina cha tarehe 29 Agosti 2005. Kuta za kuzuia maji zilipobomoka, karibu asilimia 80 ya jiji ilizama. Nimepaka buluu nzito bondeni, nyepesi kandokando ya mto, maana huko ardhi imeinuka.

Wiki ya 2. Rangi imelowesha manila, moja imejikunja. Nikaipiga pasi. Msijaribu.

Wiki ya 3. Nimekwama kwenye mtaa wa Broadmoor, na sijutii. Januari 2006 gazeti lilichapisha ramani ya tume ya meya ya kulijenga upya jiji. Baadhi ya mitaa ya bondeni iliwekewa duara la kijani: huenda pageuzwe bustani. Broadmoor ikiwamo, na wakazi wake wengi bado wametawanyika kwa ndugu na kwenye nyumba za kupanga. Mitaa ilitakiwa kuthibitisha kwamba watu wa kutosha watarudi. Utathibitishaje, jirani yako mwenyewe hujui alikoishia?

Chama cha wakazi, Broadmoor Improvement Association, kikaligawa eneo vipande vipande, kila kipande na mjumbe wake. Kazi ya mjumbe ni kumtafuta kila mwenye nyumba na kumuuliza: unarudi? Aliyekiongoza chama wakati huo, LaToya Cantrell, mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa jiji hilo.

Hapo nikaiangalia buluu yangu kwa uchungu. Inaeleza maji yalifika wapi tu. Watu hawamo.

Wiki ya 4. Nimeanza upya. Pini nyekundu kila mahali palipokuwa na watu wa kuhesabu wenzao, uzi kuelekea walikokimbilia. Pini ya pili nimeichoma mashariki ya jiji, parokia ya Mary Queen of Vietnam, ya Wakatoliki wenye asili ya Vietnam. Paroko aliwafuata waumini kwenye makambi, Oktoba 2005 misa ikaanza tena, na orodha ya wanaorudi ikapelekwa kampuni ya umeme kama hoja ya kuwashiwa taa. Orodha ya kanisa kufanya kazi ya nguzo za umeme! Nyuzi za kuelekea Houston, jimbo la Texas, zimenilazimu kuongeza manila ya tano upande wa magharibi.

Wiki ya 5. Sikugusa kitu. Gundi iliisha.

Wiki ya 6. Lower Ninth Ward, mtaa wa Weusi, inanitesa. Watu wa kujitolea wa kikundi cha Common Ground waliingia mapema, wakabomoa kuta za ndani zilizoota ukungu na kutoa matope. Lakini fidia ya Road Home, mpango wa serikali wa kuwasaidia wenye nyumba kujenga upya, ilipimwa kwa thamani ya nyumba kabla ya kimbunga, pale ilipokuwa ndogo kuliko gharama ya kujenga. Nyumba ya mtaa wa Weusi sokoni ilikuwa na bei ya chini, ingawa misumari na mbao bei ni ileile kwa wote. Orodha ingekuwa ndefu namna gani, hesabu hiyo haikuitazama.

Kwa hiyo nyuzi za huko nimezifunga mwisho mmoja tu, Texas. Mwisho wa pili unaning'inia juu ya mtaa, na kila mlango ukifunguliwa unapepea.